Saa ya Bhoke

Jiwe lililotoka shimoni likipondwa kabla halijakauka, hutoa harufu inayong'ang'ania nyuma ya pua. Majuzi nilikuwa nimekaa barazani kwa mwanangu hapa Nyamwaga, nikisubiri chai ipoe, likapita lori la mawe. Vumbi lilitua juu ya migomba, harufu ile ikanifikia, nikaweka kikombe chini na kushika kifua. Mke wa mwanangu akauliza, "Baba, ni moyo tena?" Nikamjibu ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kueleza. Ninyi mliokuwa watoto wakati dhahabu ilipoanza kutoka kwenye vilima vyetu, naamini harufu hiyo mnaijua. Kwenu sitaeleza sana.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa ya wanawake. Bibi alizaa mabinti watupu, na mume wake alipofariki hakukuwa na mtoto wa kiume wa kushika boma. Akafanya kama wanawake wa Kikurya wa hali yake wanavyofanya. Alichukua ng'ombe walioletwa kwa ajili ya mabinti zake, akaoa. Alimwoa mama yangu kwa jina la mwana ambaye hakuwahi kumzaa, akampa mwana huyo jina la Chacha, na sisi tuliozaliwa tukawa watoto wa Chacha. Mwanamume aliyekuwa akija kwa Mama hakuwa na neno lolote juu yetu. Mtoto ni wa mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe alikuwa Bibi. Kijijini hakuna aliyeona ajabu wala aibu. Mimi, kwa akili yangu ya darasa la pili, niliamini kwamba Chacha yuko machimboni. Wanaume wengi walikuwa machimboni, na wengine walikaa huko hadi watoto wao wakasahau sura zao, kwa hiyo sikuona kasoro yoyote ya kuwa na baba nisiyemjua.

Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Bhoke. Yeye alikuwa msichana mkubwa tayari, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika ng'ambo ya mto, na mazungumzo ya kuolewa kwake yalikuwa yameshafika mbali. Ng'ombe walikuwa waje baada ya mavuno. Wakati huo huo dhahabu ilikuwa imetoka nyuma ya kilima chetu, na watu walimiminika kutoka Natta, kutoka Mugumu, kutoka Kenya, kutoka mahali ambapo hatukujua hata majina yake. Wanaume walishuka kwenye maduara, yale mashimo yaliyochimbwa wima kama visima, wakapandisha mawe kwa kamba. Wanawake waliyatwanga. Kinu chetu kilikuwa kipande cha chuma kilichokatwa kwenye gari bovu, na mchi wake ni chuma pia. Mama na Bhoke walipokezana. Jua likishapanda, kilima kizima kilikuwa kinagonga, na hata shuleni mwalimu alipaza sauti ili tumsikie.

Vijana waliopata bahati walinunua redio kwanza, kisha saa ya mkono. Waliivaa juu ya mkono wa shati ili isifichike. Walikuwa wakitusimamisha njiani sisi watoto.

"Mura, kijana wee, hebu niulize ni saa ngapi."

"Saa ngapi, kaka?"

Anainua mkono, anaikazia macho ile saa kwa muda mrefu, halafu anasema, "Mchana." Wengi wao hawakujua kuisoma. Lakini sisi tulizitamani saa zile kupita nyama. Nilikuwa naota nina saa, naamka naishika mifupa ya mkono wangu.

Mwanamume aliyekuja kwa Mama aliitwa Wambura. Sisi tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa Mama, maana ndivyo tulivyoambiwa tumwite. Alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, aliyenunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa huko Sirari na kuyaleta machimboni kwa baiskeli. Nilipenda kumsaidia kusukuma baiskeli kwenye ule mlima wa kuingia kwetu, ingawa nadhani nilikuwa naning'inia tu. Kila mara, kabla ya kufika juu, alisimama, akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akakaa na kuweka kiganja upande wa kushoto wa kifua, kwenye mfuko wa shati. Alitulia hivyo akitazama mbele, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Mjomba, umechoka?"

"Ngoja kidogo, Mwita. Imejikwaa."

"Nini imejikwaa?"

"Hii ya ndani. Itaamka tu."

Siku moja nilimwegemea, na sikio langu likawa pale pale penye mfuko. Nikaisikia. Iligonga, ikagonga, ikanyamaza, kisha ikakimbia haraka haraka kama mbuzi waliofunguliwa, ikanyamaza tena. Basi nikajua. Mjomba alikuwa na saa, tena mbovu, na ndiyo sababu alikuwa anaificha mfukoni badala ya kuivaa kama wenzake. Nilimhurumia. Sikumwuliza, nisije nikamwaibisha.

Haukupita muda mrefu nikachomwa na mwiba nikitoka kuchota maji, na Bhoke akanibeba. Si mgongoni. Alinibeba kifuani kama mtoto mchanga, huku akinitania njia nzima.

"Mwanaume mzima analia kwa mwiba! Siku ya kutahiriwa utakimbilia Musoma."

"Silii."

"Basi toa kichwa chako hapo, kinanuka moshi."

Sikukitoa. Nilikuwa nimeisikia saa. Ile ile, yenye kwenda na kusimama na kukimbia. Alinishusha kabla hatujafika nyumbani, akakaa juu ya kichuguu, akaweka kiganja kifuani kama alivyofanya Mjomba, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Umepewa," nikasema.

"Nimepewa nini?"

"Mimi najua."

Akacheka kidogo, akakosa pumzi, akaacha. "Mwita, usimwambie mtu kwamba nimekaa njiani. Watasema wanaozwa mvivu. Umesikia? Usimwambie Mama, wala Bibi."

Kwangu mimi huo ukawa ushahidi. Anaificha. Mjomba, ambaye baiskeli yake nilikuwa naisukuma mimi, alikuwa amempa saa dada yangu. Niliumia sana. Nilikaa na kinyongo changu kwa siku kadhaa, nikimwangalia Bhoke akiacha kutwanga na kushika kifua pale alipodhani hakuna anayemwona, na kila mara niliona anaipapasa saa yake. Mwishowe nikaenda kwa Bibi, aliyekuwa anakoboa mahindi uani.

"Bibi, Mjomba amempa Bhoke saa."

Hakuinua kichwa. "Saa gani?"

"Anaiweka hapa, ndani ya nguo. Nimeisikia ikigonga."

Hapo akaacha kukoboa. Nilitegemea atakasirika kwamba mimi sikupewa. Sikujua kichwani mwake kulikuwa na hesabu nyingine kabisa. Tangu dhahabu itoke, watu walikuwa wanakuja kudai. Huyu alidai shamba la babu yake, yule alidai mpaka wa shamba, mwingine alileta wazee waseme kwamba duara la fulani limechimbwa juu ya kaburi la shangazi yake. Na sasa, ng'ombe wa Bhoke wakiwa karibu kuja, mwanamume asiye na neno juu ya watoto anampa binti zawadi kwa siri. Bibi aliona njia ambayo Wambura anataka kupita. Leo saa, kesho anasimama mbele ya wageni na kusema, huyu ni binti yangu.

Wambura akaja katika majuma hayo hayo, na bahati mbaya alikuja amevaa vizuri. Hakuleta baiskeli wala chumvi. Alivaa koti, akavua kofia langoni, akaomba kuzungumza na Bibi mchana kweupe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Mama alikuwa anachekecha unga wa mawe karibu na ukuta, na mimi nilikuwa nimechuchumaa kando yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umepotea njia, Wambura? Mlango wako ni ule mwingine."

"Leo nimekuja kwako. Nimemzika mdogo wangu."

"Pole."

"Alikuwa anawafukuza ng'ombe shambani, akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Na baba yetu aliondoka hivyo hivyo, akicheza kwenye harusi. Nilikwenda hospitali ng'ambo, upande wa Kenya, daktari akanipima. Anasema nyama ya moyo wangu ni nene, haikunjuki vizuri, na mapigo yake hayana mpango. Anasema ni ugonjwa wa ukoo, mzazi humpa mtoto. Akaniuliza nina watoto wangapi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia sina."

"Ulimwambia ukweli."

Alizungusha kofia mikononi. "Ndiyo, Mama. Lakini tangu siku hiyo silali. Nakuomba Bhoke apimwe, na huyu Mwita. Na Bhoke aache kutwanga kwanza. Daktari amesema kazi za nguvu ni hatari."

Bibi akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Tangu dhahabu itoke, kilima hiki kina ndugu wengi. Hata mawe yamepata wajomba. Sasa wewe umeleta udugu wa ugonjwa."

"Sidai kitu."

"Nyumba hii haina ugonjwa huo. Mume wangu alikufa mzee, hana jino. Baba yake alibebwa kwa machela kwenda kuota jua. Watoto hawa ni wa nyumba hii. Moyo wako watautoa wapi?"

"Mama, ng'ombe hawabadilishi damu."

Lilikuwa neno kubwa kulisema kwenye boma la watu. Mama aliacha kuchekecha. Bibi alisimama polepole, akaegemea mchi wake wa mahindi.

"Ng'ombe ndio walioleta mwanamke unayemfuata. Ng'ombe ndio waliowapa watoto hawa jina. Usiku wa kuja kwako sijauhesabu. Toka, Wambura. Na hiyo saa yako uliyompa mtoto, uje uichukue, hatutaki vishawishi hapa."

"Saa gani?"

"Mwulize Mwita."

Akanitazama. Nakumbuka kwamba hakuwa na hasira, alikuwa anangoja tu, kama mtu mzima anavyomngojea mtoto atafute neno. Mimi nilitazama chekecheo. Mama alifungua mdomo, akaufunga. Nimemlaumu kwa ukimya huo miaka mingi, halafu nikaacha. Kama angesema neno moja la kumuunga mkono, ingekuwa sawa na kusema watoto si wa nyumba hiyo, na yeye mwenyewe asingekuwa na mahali. Wambura alivaa kofia yake, akaondoka kwa miguu, akishuka mlima bila kusimama mahali popote.

Bhoke aliendelea kutwanga. Bibi alimwuliza kuhusu saa, naye akaapa kwa jina la Mungu na la mama yake kwamba hajapewa kitu, na Bibi akachukulia kiapo hicho kama ukaidi wa msichana anayekaribia kuolewa. Usiku huo Bhoke hakunipiga wala kunisema. Alinikatia kipande cha muhogo wake na kuniambia, "Wewe kijana mdogo una masikio ya ajabu."

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mvua ilikuwa imenyesha, anga limeoshwa, na wanawake walikuwa wanaimba juu ya vinu. Nilikuwa nimewapelekea uji. Ghafla ikatoka sauti juu ya kilima, "Limetema! Limetema!" Ndivyo wachimbaji wanavyosema duara linapotoa mawe yenye dhahabu, na wa kwanza kufika wanaweza kupata yanayomwagika pembeni. Kilima kizima kilikimbia. Mama alikamata mfuko, Bhoke akamnyang'anya, akasema, "Wewe magoti yako hayafai, niachie mimi!" Akapandisha kilima mbio, akicheka na wenzake, kanga yake ikipepea. Alikuwa mbele ya wasichana wote. Kisha akapiga magoti, kama mtu aliyeona kitu kinang'aa chini, akalala kifudifudi.

Wengine walimpita. Sikuwalaumu, walidhani ameokota. Aliyefika kwanza alikuwa Mama, mwenye magoti yasiyofaa. Walimwagia maji, wakampepea, mtu akasema ni jua, mwingine akasema ni moshi wa maduara. Nilikuwa nimebeba chungu cha uji wakati wote huo na hakuna aliyenipokea.

Wanawake walipomaliza kumwosha, Bibi alitoka ndani peke yake. Alinikuta nyuma ya ghala. Macho yake yalikuwa makavu.

"Hakuna saa," akasema.

"Niliisikia, Bibi."

"Niambie uliisikiaje."

Nikagonga kwa kidole juu ya ubao wa ghala: kwenda, kusimama, kukimbia, kusimama. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga magoti mbele yangu, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akipiga magoti mbele ya mtu, akanivuta, akaweka sikio lake kwenye kifua changu. Nywele zake zilinuka majivu na sabuni. Alikaa hapo muda mrefu sana. Alipoinuka alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu hadi nikaumia, na hakuniambia alichokisikia. Siku ya mazishi Wambura alisimama nje ya ua pamoja na wapita njia, na Bibi alimwona, na hakumfukuza.

Sasa mnajua kwa nini nilishika kifua barazani. Nimeishi na moyo huu hadi uzee, jambo ambalo hakuna mwanamume wa ukoo wa Wambura aliyelifanya, na nimeishi vibaya. Ujanani niliacha vidonge kwa sababu vilinifanya mzito, nikashuka kwenye maduara kama wengine, nikaanguka mara mbili na kusema ni pombe. Nilioa bila kumwambia mke wangu chochote. Wanangu nilichelewa kuwapeleka kupimwa, kwa sababu kila nilipotaka kusema nilimwona Wambura langoni na kofia mkononi, nikaogopa nisisikilizwe. Hilo la saa watu wamenisamehe, wanasema ulikuwa mtoto. La wanangu nilikuwa mtu mzima. Uchovu nilio nao si wa kupanda mlima tu. Ni wa kubeba kitu ambacho ni lazima ukimwambie kila anayekupenda, na kumwambia ni kama kumpa.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya Bibi.

Matanga yalipokwisha alivaa nguo zake za kanisani, akanishika mkono, tukaenda hadi kwa Wambura, karibu na Sirari. Tulimkuta uani anaziba pancha. Aliinuka haraka mno, akalazimika kushika ukuta. Bibi hakuketi alipokaribishwa.

"Ugonjwa ni wako," akamwambia. "Mtoto ni wangu. Nipeleke kwa daktari wako, halafu nitarudi naye nyumbani."

"Ndiyo, Mama."

"Sijasema kitu kingine."

"Ndiyo, Mama. Nimesikia."

Tukavuka ng'ambo kwa njia ya shambani, watatu, Bibi mbele na sisi tukimfuata pole pole. Wambura aliposimama kushika kifua, Bibi naye alisimama, akajifanya anafunga kitambaa chake cha kichwa.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule. Alinitazama, akatazama wazee wale wawili walioketi kwenye benchi moja na kuacha nafasi ya mtu katikati.

"Baba ya huyu kijana ni nani?"

"Ni mimi," Bibi akasema.

Daktari akatabasamu. "Cucu, bibi yangu, nimeuliza baba."

"Nimekusikia vizuri. Ng'ombe nilitoa mimi. Baba yake ni mimi."

"Na huyu mzee?"

Wambura alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama viatu vyake, kama mtu aliyeshazoea jibu atakalolisikia.

"Huyu," Bibi akasema, akamgeukia. "Huyu ndiye aliyempa moyo. Andika hivyo."

Daktari aliniambia nivue shati. Nilikataa, vifaa vyake viling'aa, na nilikuwa nimemwona dada yangu akivuliwa nguo na watu wanaomwosha. Nikaanza kulia. Ndipo Wambura akainuka, akaanza kufungua vifungo vyake, kimoja kimoja.

"Anza na mimi," akamwambia daktari. "Aone kwamba haiumi."

Akalivua shati lile, akatafuta mahali pa kuliweka. Bibi akanyoosha mkono, akalipokea, akalikunja vizuri na kuliweka mapajani mwake.